Katoni ya Parachichi Ipimwe kwa Safari Yake

Parachichi la Njombe au Murang'a linalokwenda Ulaya kwa meli hufungwa kwenye katoni ya kilo 4. Paleti moja kwa kawaida hubeba katoni 264, yaani safu 22 za katoni 12. Katoni ya chini kabisa inaelemewa na nyingine 21, mzigo wa takribani kilo 90 ukijumlisha na uzito wa katoni zenyewe. Ikibonyea, mzigo huo unayaangukia matunda.

Ndiyo maana huniuma kuona katoni ikinunuliwa kwa bei peke yake. Mtu wa ununuzi anapokea sampuli tatu mezani, anazibonyeza kwa kidole gumba, kisha anachukua ya bei ya chini. Meza ile ni kavu, kontena si kavu.

Karatasi hufyonza unyevu. Maabara hupima uwezo wa katoni kuhimili mgandamizo kwenye nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50, na namba inayoandikwa kwenye nukuu ya bei hutokana na hali hiyo. Ndani ya kontena la ubaridi, unyevu huwekwa karibu asilimia 90 ili tunda lisinyauke. Hapo katoni hubaki na chini kidogo ya nusu ya nguvu zake. Tena mzigo hauondoki: katoni inayoelemewa kwa siku 30 mfululizo hupoteza kama asilimia 40 ya nguvu iliyosalia. Ukizidisha hasara hizo mbili, unabaki na chini ya theluthi moja. Kwa hiyo, ili ibebe kilo 90 njiani, katoni inapaswa kuhimili zaidi ya kilo 310 maabara, na hapo hujaweka akiba yoyote ya usalama.

Akiba inahitajika, kwa sababu upangaji nao hula nguvu. Uzito mwingi hupita kwenye kona. Vibarua wakizipishanisha katoni kama matofali, kona ya juu inakalia katikati ya katoni ya chini, mahali palipo dhaifu, na karibu nusu ya uwezo hupotea. Kona juu ya kona, paleti ikafungwa mikanda vizuri: marekebisho hayo hayagharimu chochote kwenye bei ya katoni. Matundu ya hewa nayo yakae mbali na kona.

Sasa muuzaji aulizwe karatasi ya nje imetokana na nini. Nyuzi mpya za mti huvumilia unyevu kuliko karatasi iliyorejelewa. Hii ya pili siidharau. Kwa biskuti au sabuni inatosha kabisa. Aulizwe pia kuhusu gundi, maana gundi ya wanga isiyokingwa dhidi ya maji huachia, na karatasi ya ndani yenye mawimbi ikaachana na karatasi za nje.

Sampuli usikubali ile iliyotengenezwa kwa mkono kwa ajili ya kukuonyesha. Chukua iliyotoka kwenye mashine. Mkikubaliana, andika uzito wake kwenye mkataba, kisha kila shehena ikifika toa katoni kadhaa katikati ya mafurushi na uzipime kwa mizani ya kawaida. Uzito ukishuka, huenda karatasi imepunguzwa unene. Rudisha mzigo kabla haujaingia godauni. Na humo godauni katoni zisilazwe sakafuni, zitaanza kunywa unyevu kabla ya safari.

Uwe na muuzaji wa pili aliyekwisha kupimwa, kwani msimu ukifika wasafirishaji wote huagiza kwa mpigo. Paleti za mbao ziwe na mhuri wa kimataifa unaothibitisha kuwa zimetibiwa dhidi ya wadudu. Kwa njia ya joto, kiini cha mbao hufikishwa nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Bila mhuri huo, shehena inaweza kuzuiwa bandarini.

Kabla ya kusaini tenda ya msimu ujao, mwombe kila muuzaji matokeo ya kipimo kilichofanywa kwenye unyevu wa asilimia 90. Asiye nayo, asipewe kazi ya kontena la ubaridi.