Sheria, Kanuni na Masharti: Maneno Yasiyochanganywa

Katika vyama vingi vya msingi, neno "sheria" hutumika kwa kila agizo lililoandikwa na kupigwa mhuri. Mazoea hayo huonekana kuwa madogo, lakini msimu wa pamba ufikapo huweza kumpotezea mkulima haki yake. Hapana budi kila neno lieleweke kwa maana yake.

Sheria hutungwa na Bunge. Inayoongoza ushirika Tanzania Bara ni Sheria ya Vyama vya Ushirika, Namba 6 ya mwaka 2013. Kanuni hutungwa na Waziri kwa uwezo aliopewa na sheria hiyo, na Kanuni za Vyama vya Ushirika zilitolewa mwaka 2015. Masharti ni ya chama chenyewe: hupitishwa na mkutano mkuu, lakini hayana nguvu mpaka yaandikishwe na Mrajis. Chini ya hayo yote ndipo lilipo azimio la bodi. La chini haliwezi kulitangua la juu.

Sehemu ya mkanganyiko ilitokana na Kiingereza. Sheria ya kwanza ya ushirika Tanganyika, ya mwaka 1932, iliandikwa kwa lugha hiyo, ambamo neno moja hutaja sheria ndogo za halmashauri na pia masharti ya chama. Kiswahili kimeyatenga, na kwa sababu njema. Sheria ndogo za halmashauri, kama ile ya Bariadi, humbana kila mtu aliyemo katika eneo lake. Masharti ya chama humbana mwanachama peke yake, kwa kuwa aliyakubali alipojiunga.

Tuseme bodi imetangaza kwamba kila kilo ya pamba itakatwa fedha za kujengea ghala, "kwa mujibu wa sheria". Mwanachama ana haki ya kuuliza: ni sheria, kanuni au masharti? Kifungu cha ngapi? Iwapo hakuna kifungu kinachoiruhusu bodi, wala mkutano mkuu haukuridhia, basi hayo ni matakwa ya bodi tu, na mhuri hauyageuzi kuwa sheria. Kadhalika, makato yaliyoridhiwa ipasavyo na mkutano mkuu hayawezi kukataliwa na mwanachama kwa hoja kwamba Bunge halikuyataja.

Tofauti hizi humwonyesha mwanachama mahali pa kupeleka hoja yake. Masharti yasiyofaa hurekebishwa katika mkutano mkuu, kisha hupelekwa kwa Mrajis. Sheria isiyofaa hupelekwa kwa mbunge.

Kwa hiyo, yafaa kila chama kiweke nakala ya masharti yake ofisini, mahali ambapo mwanachama yeyote aweza kuisoma. Kabla ya ununuzi kuanza, vifungu vya makato visomwe mkutanoni kwa Kiswahili, na vifafanuliwe kwa Kisukuma kwa wazee wanaohitaji, ili mkulima afikapo kwenye mizani ajue atakatwa nini, na kwa idhini ya nani.