Transista za kaboni hazitaiondoa koltani ya Masisi sokoni

Mji mdogo wa Rubaya, wilayani Masisi, hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa. Katika wilaya jirani ya Walikale, mgodi wa Bisie ulizalisha zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Wakati huo huo, katika maabara za Japani, Marekani na Ulaya, wanasayansi wanaotesha transista za aina nyingine: utando wa fuwele za kaboni, mwembamba kiasi kwamba unaweza kukunjwa pamoja na plastiki uliyowekwa juu yake.

Je, utando huo utaua soko la madini ya Kivu Kaskazini? Hapana, na sababu imo ndani ya simu yenyewe.

Transista ni swichi ndogo ya umeme, na kwa miaka mingi imetengenezwa kwa silikoni, ambayo asili yake ni mchanga na mawe ya kwatsi. Tantalamu inayotokana na koltani ina kazi tofauti: iko hasa kwenye kapasita, kifaa kinachotunza chaji. Bati hutumika kulehemu vipande vyote kwenye ubao wa simu. Kwa hiyo kaboni inashindana na mchanga, si na jiwe la Rubaya.

Kuotesha utando huo ni kazi ya subira. Unga wa pentasini, kemikali yenye pete tano za kaboni, hupashwa moto ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Mvuke wake hutua taratibu juu ya kibao, na molekuli hujipanga zikiwa wima, bega kwa bega. Mvuke ukitua kwa kasi mno, fuwele huwa ndogondogo na umeme hukwama kwenye mipaka kati yake. Njia nyingine ni kuyeyusha kemikali iwe kama wino, kisha kuikokota kwa wembe juu ya kibao chenye joto. Kimiminika kikikauka, fuwele hubaki, kama chumvi sufuriani, zikiwa zimeelekea upande wembe ulikopita.

Faida yake ni joto dogo. Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414 za Selsiasi, ilhali utando wa kaboni huoteshwa kwenye joto ambalo plastiki hulistahimili. Lakini ni mzito wa mwendo. Hata rubrini, moja ya fuwele bora za aina hii, hupitisha chaji kwa wepesi ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa silikoni. Inafaa kwa vihisi vya kubandika mwilini, si kwa ubongo wa simu.

Tena utando wenyewe haujaachana na madini. Ncha zake za umeme mara nyingi ni za dhahabu. Baadhi ya watafiti hutumia oksidi ya tantalamu kama kihami, ili transista ifanye kazi kwa volti ndogo.

Kilichowahi kuipunguzia koltani wateja ni kauri. Bei ilipopaa mwaka 2000 kisha ikaporomoka 2001, watengenezaji wengi walihamia kapasita za kauri. Pigo jingine lilitoka Kinshasa: kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Wachimbaji wadogo walipoteza riziki, na bunduki hazikunyamaza.

Leo tishio la karibu zaidi ni vita. M23 iliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kundi hilo lilikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi za koltani. Machi 2025, waasi hao walipokuwa wakisonga mbele, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie, na siku chache baadaye wakaingia mji wa Walikale. Uzalishaji ulianza kurejea hatua kwa hatua Aprili, baada ya wapiganaji kuondoka mjini.