Usiku wa Dereva Mtito Andei ni Senti Tano kwa Kilo

Tangu marekebisho ya mwaka 2012, Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Sasa shika kalamu tupige hesabu. Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Lori kubwa hufungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kwenye karatasi safari hiyo ni ya saa 6 tu. Barabarani mambo ni mengine. Kuna mizani ya Mariakani, kuna njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, kuna kona na miinuko ya Salama, na safari nzima ni kupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Lori lenye mzigo likipata wastani wa kilomita 50 kwa saa, limejitahidi. Kwa mwendo huo dereva atakaa kwenye usukani kwa muda wa saa 9 na dakika 36.

Maana yake, dereva aliye peke yake hawezi kutoa mzigo bandarini na kuufikisha Nairobi siku hiyo hiyo bila kuvunja sheria. Lazima alale njiani. Na ukiigawa njia katikati, unaangukia Makueni: Mtito Andei iko karibu nusu ya safari, kisha Kibwezi, Makindu na Emali zinafuatana. Miji hii imekua kwa usingizi na njaa ya madereva. Serikali ilipolazimisha makontena kupanda reli mwaka 2019, treni moja ya makontena 108 ya futi 20 iliondoa barabarani malori yasiyopungua 54, na wenye gesti, mama wa vibanda vya chakula na mafundi wa pancha wakaumia pamoja na madereva. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022.

Alfajiri, kabla ya kuwasha injini, dereva huzunguka lori lake na kipande cha chuma mkononi. Trela ya ekseli 6 ina tairi 22, naye huzigonga moja moja: iliyojaa upepo hudunda, iliyopungua hutoa mlio mfu. Uzito wote unaoruhusiwa kwa ekseli hizo ni tani 50, na ukiondoa uzito wa gari lenyewe, tuchukulie mzigo ni tani 28. Usiku wenyewe wengi hulala kabini, kwa sababu mzigo unahitaji kulindwa, na dizeli iliyo tangini pia. Anayetaka kula bila kugusa pesa ya safari anaweza kusimama kwenye hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ambako kila msafiri hupewa chakula bure. Kusema kweli, ni aibu kidogo kwamba takrima ya uhakika zaidi kwenye barabara hii inatoka hekaluni, wala si kwa wenye mizigo.

Ukubwa wa kazi? Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha takriban tani milioni 41. Si zote zinazopita Makueni. Mafuta husukumwa kwa bomba, na sehemu nyingine hupanda reli. Ila kila tani milioni moja inayobaki barabarani ni zaidi ya safari 35,000 za lori la tani 28.

Upande wa Kitui hesabu imebadilika. Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui hadi Migwani, kilomita 192, iligharimu takriban shilingi bilioni 18, yaani karibu milioni 95 kwa kila kilomita. Lori linalokwenda Meru, Isiolo au Moyale halilazimiki tena kupita Nairobi. Lami ni nzuri, lakini ukishaiacha Kibwezi miji ya kulala ni michache: Ikutha, Mutomo, halafu Kitui yenyewe.

Sasa tuje kwenye pesa. Tuchukulie lori linakwenda kilomita 2 kwa lita, na dizeli ni shilingi 170. Mombasa hadi Nairobi ni lita 240, shilingi 40,800. Igawe kwa kilo 28,000: kama shilingi moja na senti 46 kwa kilo. Dereva naye mara nyingi hupewa pesa ya safari kwa mkupuo, na asiyelala huibakisha mfukoni. Ndiyo maana wapo wanaopitiliza Mtito saa nane za usiku macho yakiwa mekundu.

Tuseme mwenye mzigo analipia usiku mmoja, chumba, chakula na mlinzi wa maegesho, kwa shilingi 1,500, na pesa hiyo isilipwe ila lori limelala kweli. Hiyo ni senti 5 na ushei kwa kilo. Pakiti ya mchele ya kilo 2 itapanda kwa senti 11. Mwenye mzigo anayesema hawezi kuongeza senti hizo, atuonyeshe hesabu yake.