Kuvu Zilishazo Mizizi ya Nyasi

Mtu ang'oaye nyasi Makina, Kibera, huona mizizi na udongo mwekundu tu. Lakini ndani ya mizizi hiyo huishi kuvu, zenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyasi huzipa kuvu sukari. Kuvu nazo huziletea nyasi maji na fosforasi, chakula ambacho udongo mwekundu hukishika sana, mizizi peke yake isikipate kwa urahisi. Tena nyuzi hizo hushikamanisha udongo, usichukuliwe na mvua mpaka Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953. Jembe likipita kila mara, nyuzi hukatika. Basi, alimaye penye mtelemko na aache ukanda wa nyasi usiolimwa, ili kuvu zipate makao na kuenea tena shambani.