Maharagwe ya kuoka kwa nyama ya nguruwe: Usikimbilie tanuri

MAHARAGWE yaliyookwa pamoja na nyama ya nguruwe ni chakula kilichouvumisha mji wa Boston, Marekani. Huko chungu kiliachwa motoni usiku wa Jumamosi ili Jumapili, siku ya ibada, pasiwe na haja ya kupika. Hapa nchini aghalabu tunayajua yale ya mkebe, ilhali si kazi kubwa kuyaandaa nyumbani, mradi mpishi asiyatie maharagwe mabichi tanurini moja kwa moja.

Kosa hilo lina madhara. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu asilia aina ya lektini. Punje nne au tano tu zisizoiva zaweza kumtapisha na kumharisha mlaji saa chache baadaye. Sumu hiyo huangamizwa kwa kuchemshwa. Chungu kinachopata moto polepole tanurini hakitoshi. Isitoshe, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi, wala si 100. Limuru ni chini ya hapo. Mkazi wa huko asipime mapishi yake kwa saa ya mtu wa Mombasa.

Loweka vikombe viwili vya maharagwe meupe madogo usiku kucha. Hata rosecoco yafaa. Mwaga maji hayo, tia mengine na uchemshe kwa moto mkali nusu saa, kisha upunguze moto hadi yalainike kabisa. Usitie nyanya mapema. Asidi yake huyafanya maganda yakatae kulainika, nawe utamaliza makaa bure.

Nunua nusu kilo ya nyama ya bega iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Ukiona ndani yake vijipunje vyeupe mfano wa mchele, ikatae. Hayo ni mabuu ya tegu. Ikate vipande, uikaange kwa mafuta yake yenyewe hadi igeuke rangi ya kahawia, kisha uongeze vitunguu viwili na punje tatu za kitunguu saumu. Sasa changanya na maharagwe, nyanya nne zilizosagwa, kijiko cha sukari guru na chumvi. Mimina maji yaliyochemshia maharagwe mpaka yafunike kila kitu.

Funika na uoke kwa nyuzi 160 kwa muda wa saa moja na nusu, ukifunua dakika 20 za mwisho ili juu pakauke.

Asiye na tanuri atumie sufuria nzito, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, kama waokavyo keki wengi wetu. Binafsi naipendelea njia hii. Moshi kidogo huikoleza nyama.

Wasiokula nguruwe kwa sababu ya imani watumie nyama ya ng'ombe yenye mafuta, ila waichemshe kwanza hadi ikaribie kuiva.