Ukipangwa beki usinune, msome Okumu

Pita uwanja wowote Kitale au Bungoma jioni, uulize vijana wanacheza namba gani. Wengi watakuambia straika. Wengine winga. Halafu kuna yule mmoja atakujibu kwa sauti ya chini: "Mimi hupangwa nyuma." Utadhani amepewa adhabu. Na unamwelewa, maana nani huposti TikTok klipu ya mtu akiondoa mpira kwa kichwa?

Basi wewe wa nyuma, hii ni yako.

Joseph Okumu alizaliwa Kisumu mwaka 1997. Alianzia Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kama ilivyo Nzoia Sugar ya Bungoma. Timu hizi za miwa hazina pesa za kuringia, lakini zimewavisha vijana wengi wa Nyanza na Magharibi jezi yao ya kwanza ya ligi. Kutoka hapo alienda Free State Stars ya Afrika Kusini, kisha Marekani kuchezea Real Monarchs, timu ya akiba ya Real Salt Lake. Wengi hapa nyumbani wangesema jamaa amepotea. Nani hukesha akitazama daraja la pili la Marekani?

Halafu ikaja AFCON ya 2019 kule Misri. Brian Mandela, beki tegemeo wa Harambee Stars, aliumia goti kambini Ufaransa siku chache kabla ya mashindano. Pengo likampata Okumu, miaka 22. Sasa angalia ratiba aliyopewa: Juni 23 Algeria ya Mahrez, Juni 27 Tanzania ya Samatta, Julai 1 Senegal ya Mané. Siku tisa tu! Tulichapwa 2-0, tukashinda 3-2, tukachapwa 3-0, tukarudi nyumbani. Lakini waliokuwa wakisaka beki walikuwa wameshamwona. Kabla mwaka kuisha, Elfsborg ya Uswidi ilikuwa imemsajili.

Mwaka 2021 akahamia Gent ya Ubelgiji. Aprili 2022, Gent wakabeba Kombe la Ubelgiji kwa penalti dhidi ya Anderlecht. Mwaka 2023 akatua Reims, kwenye Ligi Kuu ya Ufaransa, wakati Mbappé bado yuko PSG. Umeona hizo hatua? 2019, 2021, 2023. Ngazi moja, miaka miwili, ngazi nyingine. Hakuna bao la maajabu lililomvusha. Ni kuwa mahali panapofaa mpira ukifika, wiki baada ya wiki.

Na si yeye wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na Musa Otieno, beki aliyekuwa nahodha wa Kenya kwenye AFCON ya 2004 Tunisia. Alidumu miaka mingi Santos ya Cape Town na kutwaa nao ligi ya Afrika Kusini msimu wa 2001/02.

Sitakudanganya kwamba ni raha tupu. Beki akikosea mara moja, dakika 89 alizocheza vizuri zinasahaulika. Mei 2025 Reims walipoteza fainali ya Kombe la Ufaransa 3-0 mbele ya PSG, na siku chache baadaye wakafungwa na Metz kwenye mchujo na kushuka daraja. Timu ikizama, vidole vya kwanza huelekezwa nyuma.

Lakini piga hesabu yako. Kitale kuna St. Anthony's na St. Joseph's, shule ambazo zimeishi kwa soka. Siku ya majaribio, tazama foleni ya mastraika ilivyo ndefu, kisha hesabu mabeki wa kati wanaojua kuongea na kipa, wanaopiga pasi bila kupapatika, na wasiomrukia refa wakifungwa. Vidole vya mkono mmoja vitatosha.

Foleni fupi ni hiyo. Panga.