Jiwe kubwa juu ya nyumba: Mtetemo wake unavyoonyesha kama limelegea

Katika vilima vya Ngara, Ntobeye ikiwemo, watu wanajenga na kulima kwenye miteremko. Mvua ikipiga usiku kucha, swali la mtu aliyelala chini ya jiwe kubwa ni moja tu: lile jiwe bado limeshika, au linasubiri muda wake?

Kwa macho ni vigumu kujua. Jiwe linaweza kuning'inia vibaya na likakaa miaka mia. Lingine linaonekana limetulia, kumbe nyuma yake kuna ufa unaorefuka kila msimu.

Wataalamu wana njia ya kuliuliza jiwe lenyewe: wanapima mtetemo wake.

Kila jiwe linatikisika

Hata ukiliona limetulia tuli, jiwe linatikisika muda wote. Upepo, lori linalopita barabarani, nyayo za ng'ombe, hata mawimbi ya bahari ya mbali huitikisa ardhi kidogo sana, na jiwe nalo linaitikia.

Fikiria nguzo ya uzio. Iliyochimbiwa vizuri ukiigonga inatetema haraka haraka na kutulia. Iliyolegea inayumba taratibu, na inaenda mbali zaidi. Au chungu sokoni: mama anakigonga kwa kidole kabla ya kulipa. Kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti nzito iliyokufa.

Jiwe ni hivyo hivyo. Likiwa limeungana vizuri na mwamba wa chini, linatikisika mara nyingi kwa sekunde. Ufa ukikua, kinacholishikilia kinapungua, na idadi ya mitikisiko kwa sekunde inashuka. Wakati huo huo ukubwa wa mtikisiko unaongezeka.

Wanapimaje?

Kifaa kimoja kinawekwa juu ya jiwe lenyewe, kingine kwenye mwamba imara pembeni. Vyote vinarekodi kwa pamoja, kisha kompyuta inalinganisha. Jiwe likitikisika kwa ukubwa zaidi kuliko jirani yake, hapo kuna mashaka.

Kipimo cha siku moja hakitoshi. Jiwe kubwa kwa asili linatikisika taratibu kuliko dogo, kwa hiyo namba ndogo peke yake si hatari. Cha kuangalia ni kama namba ya jiwe lile lile inashuka. Jua nalo linadanganya: mchana jiwe linatanuka, ufa unabana, namba inapanda, lakini usalama haujaongezeka. Ndiyo maana vipimo hulinganishwa vya saa zinazofanana.

Ufaransa, kwenye eneo la Chamousset, watafiti walifuatilia nguzo ya mwamba iliyokuwa imeachana na ukuta wa mlima. Mitikisiko yake ilishuka kutoka zaidi ya 3 kwa sekunde hadi chini ya 3, kisha Novemba 2007 ikaanguka. Marekani, wapanda miamba walibeba kifaa hadi juu ya nguzo ya Castleton huko Utah, yenye urefu wa mita 120 hivi. Matokeo ya 2019 yalionyesha inatikisika takribani mara moja kwa sekunde.

Japani wameenda mbele. Watafiti wa reli wana kifaa cha leza kinachopima mtetemo wa jiwe kutoka mbali, bila mtu kulisogelea.

Kagera inahusikaje?

Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huu na kuua watu 17, madhara makubwa yakiwa Bukoba. Mtikisiko wa aina hiyo unaweza kuliachia jiwe ambalo tayari limelegea. Isitoshe, vilima vingi vya ukanda huu vina miamba migumu juu ya tabaka laini zaidi. Laini likiliwa na maji, gumu linabaki bila mguu.

Lakini kipimo hiki si cha kila kitu. Maporomoko ya Hanang ya Desemba 3, 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80, yalikuwa tope, mawe na magogo yaliyosombwa pamoja. Kupima jiwe moja moja kusingesaidia pale. Na hata pale kinapofaa, kipimo kinasema jiwe gani lishughulikiwe kwanza. Siku ya kuanguka hakiitaji.

Simu yako je?

Simu janja ina kihisi cha mtikisiko, ndicho kinachogeuza picha ukiilaza. Usijaribu. Mtetemo wa mwamba ni mdogo mno kwa kihisi hicho, na kupanda juu ya jiwe lenye mashaka ni kujitafutia balaa.

Unachoweza kufanya ukiwa mbali ni kupiga picha ya jiwe kutoka sehemu ile ile kila baada ya mvua kubwa, na kulinganisha. Angalia ufa mpya, mti uliokuwa wima sasa umeinama, vijiwe vinavyodondoka bila kuguswa, au maji ya tope yanayotoka chini ya jiwe. Angalia pia kama kuna anayechimba moramu au kukata kiwanja kwenye kitako chake.

Ukiona dalili hizo, hamisha watu kwanza, hasa wanaolala upande wa mteremko. Kisha peleka picha kwa mtendaji wa kijiji. Jiwe likishaanguka na kuna watu wamenasa, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.